Nani Atatuvunja Moyo Msimu Ujao?

Kila msimu mpya unapokaribia, shabiki wa mpira wa Kampala huwa na orodha mbili kichwani. Ya kwanza ni ya wachezaji watakaombeba. Ya pili, ambayo husemwa kwa sauti kubwa zaidi katika vibanda vya Bwaise, Katwe na Nakulabye, ni ya wachezaji watakaomkera: mshambuliaji atakayekosa bao la wazi, beki atakayeshikwa amesimama, kipa atakayetoka langoni kwa wakati mbaya. Wachambuzi wengi huidharau orodha hii ya pili kana kwamba ni manung'uniko ya watu waliopoteza mikeka ya kubeti. Mimi naiona ni swali zito, tena lenye majibu. Kumtabiri atakayetuvunja moyo ni rahisi kuliko kumtabiri atakayeng'ara. Kinachotukwamisha ni mahali tunapotafuta jibu. Tunalitafuta katika tabia yake: amelewa sifa, ameanza kupenda starehe, hana tena moyo wa kazi. Jibu huwa karibu zaidi na hesabu.

Tuanze na kero yenyewe. Mchezaji mbovu hamkeri mtu. Anayecheza vibaya tangu Septemba hadi Mei huachwa benchi, akasahaulika. Anayekera ni yule tuliyemtarajia. Kero ni umbali kati ya matarajio na kilichotokea uwanjani, na umbali huo una ncha mbili. Mashabiki hukesha wakiipima ncha moja, kiwango cha mchezaji, na hawaigusi kabisa ile nyingine, yaani matarajio waliyompachika wenyewe. Ukitaka kujua nani atakukera mwakani, angalia kwanza ni nani uliyemsifu kupita kiasi mwaka huu.

Mfano wa Patrick Kaddu unatosha. Tarehe 17 Novemba 2018, akiwa mchezaji wa klabu ya KCCA, aliifungia Uganda Cranes, timu ya taifa, bao pekee dhidi ya Cape Verde katika uwanja wa Namboole, na nchi ikafuzu AFCON ya 2019. Juni iliyofuata, mjini Cairo, akafunga tena katika ushindi wa 2–0 dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ushindi wa kwanza wa Uganda katika fainali hizo tangu 1978. Muda si mrefu akasajiliwa na RS Berkane ya Morocco. Kwa mabao mawili ya kichwa yaliyofungwa katika siku mbili ambazo nchi nzima ilikuwa ikitazama, Kampala ilijipatia mshambuliaji wa miaka kumi ijayo. Hakuwa yeye. Wengi walisema alizembea. Ukweli mwepesi zaidi ni kwamba mabao mawili hayawezi kumtambulisha mshambuliaji, hata yawe matamu kiasi gani.

Hapo ndipo besiboli ya Wamarekani inapotufaa, maana ndiyo iliyolishughulikia swali hili mapema na kwa undani. Mwaka 1977 Bill James alianza kutoa vitabu vyake vya takwimu vya kila mwaka. Mwaka 2003 Nate Silver akaleta PECOTA, mfumo wa kukisia mchezaji atafanya nini msimu ujao kwa kumlinganisha na waliomtangulia wenye umri na umbo kama lake. Chini ya mifumo hiyo yote kuna kanuni moja iliyoonekana na Francis Galton katika karne ya 19 alipopima urefu wa wazazi na watoto wao: jambo lililozidi sana upande mmoja, mara inayofuata huelekea kurudi karibu na wastani. Mchezaji aliyekuwa na msimu wa ajabu huenda ni hodari kweli, lakini karibu kila mara alikuwa na bahati pia. Mwaka unaofuata uhodari anao bado. Bahati ndiyo isiyo na ahadi.

Sasa tazama tofauti kati yao na sisi. Timu ya ligi kuu ya besiboli hucheza mechi 162 kwa msimu, na mpigaji wa kutegemewa huweza kupata zamu 550 za kupiga. Akiwa na uwezo wa kweli wa kufanikiwa mara 27 katika kila 100, bahati peke yake inaweza kumpeleka mwaka huu hadi 25 na mwaka ujao hadi 29. Huyumba, ila kidogo. Ligi Kuu ya Uganda kwa miaka mingi imekuwa ya timu 16 na mechi 30. Tuseme mshambuliaji wetu anapiga mashuti 50 msimu mzima, na uwezo wake wa kweli ni kufunga shuti 15 katika kila 100, kiwango kizuri tu duniani. Wastani wake ni mabao saba au nane. Lakini katika misimu minne, takriban mitatu itaangukia popote kati ya mabao matano na kumi, na mmoja utatoka hata nje ya hapo, bila yeye kubadilika hata chembe. Miguu ile ile, mazoezi yale yale, usingizi ule ule. Msimu wa mabao kumi tunamwita shujaa na gazeti linampa ukurasa mzima. Msimu wa mabao matano tunamtafutia mchawi.

Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kumtilia shaka kila Agosti ni mfungaji bora wa msimu uliopita. Simaanishi ni mbovu. Ili uwe wa kwanza kati ya washambuliaji wote wa ligi unahitaji uwezo na bahati kwa pamoja, na yule aliyekuwa na uwezo sawa lakini akakosa bahati amekaa nafasi ya nane, hakuna anayemtaja. Huyo wa nane ndiye ambaye klabu yenye akili ingemsajili. Badala yake klabu zote humkimbilia wa kwanza, zikilipa kwa bei ya bahati yake.

Juma Balinya alimaliza msimu wa 2018/19 akiwa mfungaji bora wa Uganda kwa mabao 19, akiichezea Police FC. Yanga ya Dar es Salaam ikamchukua. Baada ya nusu msimu tu alikuwa ameondoka, akaelekea Gor Mahia ya Nairobi. Mashabiki wa Yanga walikuwa wakisubiri mabao 19, na wao walikuwa wa kwanza kuumia. Lakini nani aliwaambia ni mangapi kati ya hayo yangejirudia katika ligi nyingine, chini ya kocha mwingine, kwa timu ambayo wapinzani wake hujazana golini dakika tisini?

Swali hilo la kuhama ni la pili kwa uzito, na kwa wachezaji wa Uganda pengine ni la kwanza, kwa sababu ligi yetu huuza. Mchezaji akivuka mpaka hubadilishiwa vitu vinne au vitano kwa mkupuo: lugha, chakula, kocha, nafasi uwanjani na mtu wa kumpa pasi. Hiki cha mwisho ndicho kinachopuuzwa zaidi. Mshambuliaji hufunga mipira aliyoletewa. Ukimtoa kwenye timu iliyojengwa kumlisha yeye, ukamweka kwenye timu ambayo yeye ndiye wa kuwalisha wengine, umemnunua mtu na kumwacha nyuma aliyekuwa akimtengenezea kazi.

Farouk Miya ni somo zuri hapa. Mapema mwaka 2016 aliondoka Vipers akiwa kijana, akaenda Standard Liège ya Ubelgiji. Dakika zikawa adimu, na baadaye akapelekwa kwa mkopo Mouscron. Kampala ikaanza kusema amekwisha. Lakini Septemba 2016, yeye ndiye aliyefunga bao dhidi ya Comoro lililoirudisha Uganda AFCON baada ya miaka 39, na Januari 2017 huko Gabon akafunga dhidi ya Mali bao pekee la Cranes katika mashindano yale. Baadaye alicheza Croatia na Uturuki, akajijengea maisha ya mpira ya kuheshimika. Msimu wake wa kwanza Ulaya ulikuwa wa kukera, naam, na ungeweza kutabiriwa: umri mdogo, ligi ngumu zaidi, hakuna dakika. Kosa lilikuwa kuugeuza msimu mmoja kuwa hukumu ya maisha.

Steven Mukwala anatuonyesha upande wa pili. Alipitia Maroons, URA na Vipers, akaenda Asante Kotoko ya Ghana mwaka 2022, kisha Simba ya Tanzania mwaka 2024. Alipanda ngazi moja kwa wakati, akikaa kila mahali muda wa kutosha kuzoea. Hapo Simba ilimbidi agombee namba na Leonel Ateba, na bado alimaliza msimu wake wa kwanza wa ligi akiwa na mabao zaidi ya kumi. Ningekuwa wakala wa mchezaji kijana wa Uganda ningemwekea ramani ya namna hii ukutani. Anayeruka kutoka ligi ya Uganda hadi ligi ngumu ya Afrika Kaskazini au Ulaya kwa hatua moja atawakera watu mwaka wa kwanza, hata awe na kipaji gani. Allan Okello aliondoka KCCA Januari 2020 kwenda Paradou ya Algeria akiwa bado hajafikisha miaka 20. Hakung'ara kule kama tulivyotaka. Alirudi nyumbani, akajiunga na Vipers, na msimu wa 2024/25 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 19. Kipaji hakikuwa kimekwenda popote.

Nikae na Okello kidogo, kwa sababu jina lake linagusa jeraha ambalo bado ni bichi. Agosti 2025, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, iliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, alifunga penalti dhidi ya Guinea, kisha akafunga nyingine katika ile sare ya 3–3 na Afrika Kusini iliyoipeleka Cranes robo fainali, na Namboole ikatikisika. Desemba 27 mwaka huo, huko Rabat kwenye AFCON, Uganda ikiwa 1–1 na Tanzania, dakika za mwisho kabisa, penalti ikatolewa. Okello akapiga juu ya mwamba. Uganda ikaondoka Morocco na pointi moja.

Yaliyosemwa Kampala usiku ule sitayarudia. Nitasema hesabu tu. Duniani kote, penalti saba au nane kati ya kumi huingia. Hata mpigaji anayefunga nane kati ya kumi, akipewa tatu, nafasi ya kufunga zote tatu ni karibu nusu kwa nusu. Kati ya hizo tatu, Okello alifunga mbili na kukosa moja: ndivyo inavyotarajiwa kwa mpigaji wa kawaida wa kulipwa. Kilichouma ni mpangilio. Angeikosa ya Guinea, mechi iliyoisha 3–0, akafunga ya Rabat, leo angekuwa na sanamu. Mtu yuleyule, mikwaju ileile, mfuatano tofauti. Kumtoa kwenye upigaji wa penalti kwa sababu hiyo ni kumfundisha kila kijana wa Uganda kwamba usalama uko katika kuukimbia mpira.

Penalti zina mtego mwingine, na mashabiki wa Arsenal, ambao Kampala wamejaa, wanaufahamu kwa uchungu. Nicolas Pépé aliifungia Lille mabao 22 katika ligi ya Ufaransa msimu wa 2018/19. Arsenal wakatoa pauni milioni 72. Msimu wake wa kwanza England alifunga mabao matano ya ligi. Je, ilikuwa siri? Mabao tisa kati ya yale 22 yalikuwa penalti. Yaliyobaki yalikuwa 13, kwenye timu iliyokuwa ikishambulia kwa kasi katika uwanja mpana, na London alikutana na mabeki waliojipanga na hakuwa tena mpigaji wa kwanza wa penalti. Yeyote ambaye angechukua dakika tano kuzitenga penalti angejua kwamba mabao 22 hayarudi.

Umri nitaupitia haraka, maana unajulikana. Mohamed Salah alifunga mabao 29 na kutoa pasi 18 za mabao katika Ligi Kuu ya England msimu wa 2024/25, akaanza unaofuata akiwa na miaka 33, na kasi ikapungua hadi akajikuta benchi. Mashabiki wa Liverpool walishangaa. Winga wa miaka 33 anayetegemea mbio akishuka, cha kushangaza ni nini? Makipa hudumu zaidi: Denis Onyango, aliyezaliwa Mei 1985, alistaafu timu ya taifa mwaka 2021, akarejea, na alikuwa langoni Morocco akiwa na miaka 40. Hata hivyo mwili ulimgomea dhidi ya Nigeria. Aliyeingia badala yake, Salim Magoola, akapewa kadi nyekundu, na Uganda ikalazimika kumtumia kipa wa tatu katika mechi moja. Atakayemrithi Onyango, hata acheze vizuri kiasi gani, yumo katika orodha yangu ya wakeraji wa lazima, kwa sababu atapimwa kwa miaka bora ya mtangulizi wake.

Lakini ili umri utumike katika utabiri, lazima uwe wa kweli, na hapa besiboli ya Uganda ina jambo la kutuambia. Mwaka 2011 watoto wa timu moja ya Kampala walishinda mashindano ya kufuzu ya Mashariki ya Kati na Afrika nchini Poland, wakawa wa kwanza kutoka bara letu kupata tiketi ya fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Wakanyimwa viza. Sababu ilikuwa utata wa hati za kuzaliwa. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifuzu, wakasafiri, wakacheza, na wakashinda mechi. Tangu hapo njia imefunguka: mwaka 2022 Los Angeles Dodgers iliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male, na Pittsburgh Pirates ikamchukua mrushaji David Matoma. Waliotuvunja moyo mwaka 2011 hawakuwa watoto. Ilikuwa karatasi. Katika nchi ambayo watoto wengi wamekua bila cheti cha kuzaliwa, kila mfumo wa kutabiri kwa umri unasimama juu ya mchanga, na gharama hulipwa na kijana mwenyewe.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu aliyemwona mchezaji akirudi usiku wa manane kutoka baa za Kabalagala siku mbili kabla ya mechi ataniambia tabia ipo. Ipo. Majeraha nayo yapo, na aliyeumia msuli wa nyuma ya paja mwaka huu ana hatari kubwa kuliko mwenzake ya kuumia tena. Mishahara inayocheleweshwa ipo, na nashangaa jinsi inavyotajwa kwa nadra tunapomlaumu mtu aliyecheza miezi mitatu bila kulipwa. Ninachokataa ni kuianza hesabu na tabia. Ondoa kwanza bahati, penalti, pasi alizoletewa, ligi aliyohamia na umri wake. Kinachobaki ndicho unachoweza kuuliza kama ni uzembe. Mara nyingi hakibaki kitu.

Kuna sababu nyingine inayozidisha hasira, nayo ni kubeti. Januari 2019 serikali ilitangaza kwamba Rais Museveni ameagiza kampuni mpya za kamari zisipewe leseni, na za zamani zisiongezewe. Miaka imepita, na maduka ya mikeka yako kila kona ya jiji. Kijana aliyeweka nauli ya wiki nzima juu ya mabao ya mtu mmoja hamtazami tena kama mchezaji. Anamtazama kama mdaiwa. Nimewasikia watu wazima wakimlaani kijana wa miaka 21 kwa maneno ambayo hata mwizi hasemwi. Kampuni za kubeti zinajua vizuri hesabu niliyoieleza hapo juu. Ndiyo biashara yao. Anayelipia kutoijua ni shabiki.

Kwa hiyo msimu wa 2026/27 namtazamia nani? Mfungaji bora aliyemaliza juu, kwanza, hasa ikiwa robo ya mabao yake au zaidi ni penalti: atashuka, na anayemsajili alipe kwa wastani wake wa misimu mitatu. Kisha kijana atakayeuzwa nje katikati ya msimu, aingie timu ambayo wenzake wameshazoeana tangu Agosti. Kipa mpya wa Cranes nimeshamtaja. Na nina wasiwasi mkubwa na mtu yeyote atakayefunga bao moja maridadi likazunguka dunia. Denis Omedi alipofunga kwa Kitara FC lile bao la rabona dhidi ya KCCA mwaka 2024, likaingia katika orodha ya tuzo ya Puskás ya FIFA, wako waliomtaka afunge hivyo kila wiki. Yeye aliendelea na kazi yake: akamaliza mfungaji bora msimu ule, akaenda APR ya Rwanda, akaifungia Uganda dhidi ya Tunisia huko AFCON. Kama kuna waliovunjika moyo na Omedi, tatizo ni lao.

Msimu huu una uzito kuliko mingine, kwa sababu unatupeleka kwenye AFCON ya 2027 ambayo Uganda, Kenya na Tanzania zitaiandaa pamoja. Wachezaji watakaochaguliwa watazomewa au kushangiliwa nyumbani, mbele ya mama zao. Kocha atawachagua kwa kipi? Ligi yetu hutoa matokeo, wafungaji na kadi. Dakika alizocheza kila mtu, mashuti aliyopiga, penalti zilizotengwa na mabao ya kawaida, siku alizokaa nje kwa majeraha: hayo shabiki hayapati mahali pamoja, na bila hayo kila mjadala utaishia kwenye tabia na uchawi. FUFA, shirikisho la mpira la Uganda, ina televisheni yake, na klabu zina watu wanaorekodi mechi. Kazi hii haihitaji mitambo ya Dodgers. Inahitaji mtu mmoja kwa kila uwanja, kalamu, na amri ya kuchapisha kila Jumatatu. Naiomba FUFA ianze na mechi ya kwanza ya msimu, wala isingoje droo ya AFCON.